Meli Iliyoungua Manza: Safari ya Rubens na Mzigo Wake, 1915

Utangulizi

Katika historia ya sharika za Kilutheri za pwani ya Tanga na milima ya Usambara, hakuna kipindi kilichozitikisa kama miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Wamisionari wa Betheli walikuwa wamefika Mlalo mwaka 1891 na Vuga mwaka 1895. Shule zilikuwa zimefunguliwa, na walimu wa kwanza wenyeji walikuwa wamekwisha kuzoea kazi yao. Ndipo vita ikaingia nchini, ikawakuta watu ambao hawakuitangaza wala hawakuulizwa habari zake.

Ni vema vita hiyo ielezwe kwa kisa cha chombo kimoja, maana kisa hicho kilitokea karibu na nyumbani. Katika Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, katika Wilaya ya Mkinga ya leo, meli ya shehena iitwayo Rubens ilikimbilia maji ya kina kifupi tarehe 14 Aprili 1915 ikiwa inafukuzwa na manowari ya Kiingereza. Iliungua mbele ya macho ya adui, na adui akaondoka akiamini kwamba kazi imekwisha. Lakini mzigo wake haukupotea. Mzigo huo ulibebwa na watu kutoka pwani, ukaingia katika vita, na ukasaidia kuirefusha. Kwa sababu hiyo habari za meli hii zinahusu pia maisha ya watu wa kawaida, wakiwamo washarika.

Koloni lililofungiwa

Vita ilipoanza mwezi Agosti 1914, koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani lilijikuta limezungukwa. Upande wa kaskazini palikuwa na Waingereza wa Kenya na Uganda, magharibi Wabelgiji wa Kongo, kusini-magharibi Waingereza wa Nyasaland na Rhodesia. Kusini palikuwa na Wareno, ambao waliingia vitani mwaka 1916. Upande wa bahari, manowari za Kiingereza zilikuwa na nguvu ambazo Wajerumani hawakuweza kushindana nazo.

Kwa muda mfupi palikuwa na manowari moja tu ya Kijerumani ya kutisha, nayo ni Königsberg, iliyofika Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja. Baada ya hapo ilijificha katika delta ya Mto Rufiji, kwa kuwa mitambo yake ilihitaji matengenezo na makaa ya mawe yalikuwa yamepungua. Waingereza waliigundua huko, na mwezi Novemba mwaka huo huo walizamisha meli ya zamani, Newbridge, katika mlango mmoja wa mto ili kuizuia isitoke.

Nchi kavu nako hali ilikuwa ya mashaka. Kamanda wa majeshi ya Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alishinda vita ya Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914 dhidi ya jeshi la Uingereza lililotoka India. Katika ushindi huo aliteka bunduki, risasi zipatazo 600,000 na bunduki za rashasha 16. Hata hivyo askari wake wengi Waafrika waliendelea kubeba bunduki za mtindo wa 1871, zilizotumia baruti ya moshi mwingi. Askari alipofyatua, moshi ulimwonyesha adui mahali alipo.

Mwezi Januari 1915 vita ilipiganwa Jasin, mpakani kwenye pwani. Wajerumani walishinda tena, lakini walitumia risasi zipatazo 200,000. Lettow-Vorbeck alipofanya hesabu aliona kwamba kwa akiba iliyobaki angeweza kupigana vita vitatu zaidi vya namna ile, si zaidi. Kiwanda cha kutengeneza risasi mpya hakikuwapo nchini. Kwa maneno mengine, miezi sita tu baada ya vita kuanza, mwisho wake ulikuwa umekwisha kuonekana. Kama hakuna chombo ambacho kingefika kutoka Ulaya, vita ya Afrika Mashariki ingekuwa fupi.

Meli ya Kiingereza iliyogeuzwa jina

Chombo hicho kilikuwa kimekwisha kuanza safari. Rubens ilikuwa meli ya mizigo ya Kiingereza, yenye tani zaidi ya 3,500 za usajili, iliyokutwa bandarini Hamburg vita ilipotangazwa na ikakamatwa. Serikali ya Ujerumani iliamua kuitumia kupeleka makaa ya mawe kwa Königsberg, ili manowari hiyo ipate nguvu ya kutoka Rufiji na kurudi kwao. Zaidi ya makaa, yapatayo tani 1,600, meli ilipakiwa makombora ya mizinga ya Königsberg, bunduki za kisasa zaidi ya 1,500, risasi kwa mamilioni, pamoja na nguo, dawa na vifaa vingine kwa ajili ya jeshi la nchi kavu.

Meli ya Kijerumani isingeweza kupita katika bahari zilizolindwa na Waingereza ikipeperusha bendera yake. Kwa hiyo Rubens ilivishwa sura nyingine. Ilipewa jina la Kronborg na bendera ya Denmaki, nchi isiyofungamana na upande wowote. Nahodha wake, Carl Christiansen, afisa wa akiba wa jeshi la maji, aliijua lugha ya Kidenmaki, na mabaharia wake walichaguliwa kwa kigezo hicho hicho. Mbao zilipangwa sitahani ili yeyote atakayeiona aidhanie kuwa ni meli ya biashara ya kawaida.

Meli iliondoka Wilhelmshaven mwezi Februari 1915. Ilipita kaskazini mwa visiwa vya Uingereza, ikateremka Bahari ya Atlantiki, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na kuingia Bahari ya Hindi. Wakati ingali safarini, Waingereza walitangaza rasmi kuanzia tarehe 1 Machi 1915 kwamba pwani yote ya koloni imefungwa. Safari ilichukua karibu miezi miwili, na kwa muda wote huo meli haikutia nanga katika bandari ya kirafiki hata moja.

Ilipokaribia mwisho wa safari, Christiansen alisubiri karibu na kisiwa cha Aldabra na kuwasiliana na Königsberg kwa simu ya upepo. Max Looff, kamanda wa Königsberg, alitambua kwamba manowari yake haiwezi tena kupenya kizuizi cha Rufiji. Aliamuru meli ielekee Tanga, ili angalau silaha zilifikie jeshi la nchi kavu. Hata hivyo mawasiliano hayo yalinaswa na Waingereza. Walijua kwamba meli inakuja, na wakaanza kuivizia.

Siku ya Manza

Asubuhi ya tarehe 14 Aprili 1915, manowari Hyacinth, iliyomchukua Admirali Herbert King-Hall, iliiona meli ikielekea pwani ya kaskazini mwa Tanga na kuanza kuifukuza. Hyacinth ilikuwa na mbio kuliko meli ya shehena, na kwa kawaida mambo yangekwisha haraka. Lakini katika wakati ule ule mtambo wake mmoja uliharibika. Mwendo wake ukapungua, na Christiansen akapata nafasi ya kuingia Ghuba ya Manza.

Kutoka humo hapakuwa na njia. Nahodha aliipeleka meli kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufuko. Vilango vya maji vya chini vikafunguliwa ili bahari iingie katika matumbo ya meli, na milango ya juu ya matumbo hayo ikawa imefungwa. Makombora ya Hyacinth yalianza kuanguka, moto ukashika mbao zilizokuwa sitahani, na moshi ukatanda juu ya ghuba. Christiansen mwenyewe alijeruhiwa. Mabaharia wakakimbilia nchi kavu kwa mashua.

Waingereza walituma mashua zao na watu wakapanda melini. Walikuta moto mkubwa ambao hawakuweza kuuzima, na kutoka ufukweni walipigwa risasi. Walirudi, manowari ikaipiga meli tena kwa makombora, kisha ikaondoka. Kwa mtu aliyetazama kutoka baharini, Rubens ilikuwa chuma kinachoungua, na kitu ambacho kimeungua hakihitaji kuzamishwa mara ya pili.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Moto uliteketeza sehemu ya juu, lakini mzigo ulikuwa chini ya maji. Bahari, iliyoachwa iingie kwa makusudi, ndiyo iliyouokoa usiungue. Moto ulipozimika wenyewe, meli ilikuwa imekaa chini mahali pasipo na kina kirefu, na shehena yake karibu yote ilikuwa ingali mahali pake.

Kazi ya kuopoa

Wiki zilizofuata zilikuwa za kazi kubwa. Wapiga mbizi waliingia katika matumbo ya meli na kuyatoa masanduku moja baada ya jingine. Mashua ziliyaleta ufukweni, na kutoka hapo yalibebwa mpaka kwenye reli ya Usambara, iliyokuwa imefika eneo la Moshi tangu miaka michache kabla ya vita.

Bunduki zilisafishwa na kutiwa mafuta, zikawa tayari kwa matumizi. Risasi zilikuwa tatizo. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia katika nyingi, na risasi iliyolowa humtia askari hatarini, maana hajui kama italipuka au itanyamaza. Kwa hiyo zilifunguliwa kwa mikono, baruti ikatolewa na kuanikwa, maganda yakasafishwa, kisha zikafungwa upya. Kazi hiyo ilifanywa kwa uvumilivu kwa majuma mengi. Risasi zilijaribiwa kwa mafungu. Zilizoaminika zilipelekwa vitani, na mafungu yaliyokuwa na mbovu nyingi yakaachwa kwa mazoezi ya kulenga shabaha.

Lengo la kwanza la safari halikutimia. Makaa ya mawe hayakuifikia Königsberg, na tarehe 11 Julai 1915 meli za mizinga za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliiangamiza manowari hiyo Rufiji. Lakini hata huko mambo yalifanana na ya Manza. Wajerumani waliopoa mizinga yake kumi, wakaitengenezea magurudumu, na kuivuta nchi kavu. Makombora yaliyotoka Rubens yalipata kazi katika mizinga hiyo hiyo, ingawa sasa haikuwa tena juu ya maji.

Christiansen baadaye alirejea Ujerumani, na mwaka 1918 masimulizi yake ya safari yalichapishwa kwa kitabu. Habari kwamba meli moja iliweza kupenya zilitia moyo wakubwa wa Berlin kutuma nyingine. Meli Marie, chini ya nahodha Sörensen, ilifika Ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, katikati ya mwezi Machi 1916. Ililetwa na mizinga mikubwa minne ya sentimita 10.5, mizinga miwili ya milimani, bunduki, risasi, dawa na nguo. Safari hii watu wa Ujerumani walikuwa wamejifunza jambo moja: mizigo mingi ilifungwa tangu Ulaya kwa kipimo cha kichwa cha mpagazi. Manowari za Kiingereza ziliishambulia Marie mwezi Aprili, lakini ilitengenezwa, ikatoroka usiku, na kufika makoloni ya Uholanzi ya mashariki ya mbali.

Baada ya Marie hakuna meli nyingine iliyofika. Mwezi Novemba 1917 Wajerumani walijaribu kwa njia ya anga, kwa puto kubwa la injini liitwalo L 59, lililoondoka Bulgaria likiwa na dawa na risasi. Lilifika juu ya Sudani, likaamriwa kurudi.

Mzigo kichwani

Historia za vita zilizoandikwa Ulaya husifu ujasiri wa nahodha na werevu wa hila yake. Sifa hizo zina haki yake, kwa maana kupita bahari zote zile chini ya jina la uongo hakukuwa jambo dogo. Lakini sanduku la risasi halitembei lenyewe. Kila mahali ambapo reli iliishia, mzigo ulipanda kichwani mwa mtu.

Hesabu yake ni rahisi. Mpagazi mmoja alibeba takriban ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Tani moja ya shehena ilihitaji wapagazi wasiopungua 35. Shehena iliyowekwa katika meli kwa siku chache bandarini ilihitaji maelfu ya watu porini. Na mpagazi naye hula. Safari ilipokuwa ndefu, ilibidi wawepo wapagazi wengine wa kuwabebea chakula wapagazi wa kwanza. Chakula hicho kilitoka katika mashamba ya vijiji, na mara nyingi hakikulipiwa.

Wakati vita ilipozidi, pande zote mbili zilichukua watu kwa nguvu. Waingereza waliunda jeshi la wapagazi, ambalo jina lake la Kiingereza ndilo lililozaa jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, mahali walipokuwa na kambi yao. Takwimu rasmi za Waingereza zilitaja vifo vya wapagazi wao zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi huamini kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa mara mbili au zaidi. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, njaa na uchovu. Kwa upande wa Wajerumani wapagazi hawakuandikwa kwa ukamilifu, na kwa hiyo vifo vyao havina hata hesabu ya kubishaniwa.

Silaha za Rubens na Marie zilitumika katika mapigano ya mwaka 1916, wakati Jenerali Jan Smuts alipoingia kutoka Kilimanjaro, na katika kurudi nyuma kwa Wajerumani kuelekea kusini. Tanga ilichukuliwa na Waingereza mwezi Julai 1916, Dar es Salaam mwezi Septemba. Katika vita kali ya Mahiwa, karibu na Lindi, mwezi Oktoba 1917, Wajerumani walitumia sehemu kubwa ya risasi walizobakiwa nazo. Mwezi uliofuata walivuka Mto Ruvuma kuingia nchi ya Wareno, wakitafuta, pamoja na mengine, silaha za kuteka. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji uitwao Mbala leo, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Nyuma ya majeshi hayo nchi ilibaki tupu. Ugogo ilipatwa na njaa kali ambayo Wagogo huiita Mtunya. Mwisho wa mwaka 1918 homa ya mafua iliyoenea dunia nzima iliwakuta watu waliokwisha kudhoofika, ikaua wengi.

Sharika bila wachungaji

Kwa Kanisa, kurefuka kwa vita kulikuwa na maana ya pekee. Wamisionari wengi walikuwa raia wa Ujerumani. Mbele ya Waingereza waliotawala tangu 1916, walikuwa maadui, hata wale ambao hawakuwahi kushika bunduki. Waliwekwa kizuizini kwa makundi, na kufikia mwaka 1920 karibu wote walikuwa wamerudishwa Ulaya. Ruhusa ya kurejea haikupatikana mpaka mwaka 1925.

Katika miaka hiyo walimu na wazee wa Kanisa wenyeji walibaki na kazi yote. Walifundisha wakatekumeni, waliongoza ibada za Jumapili, walizika wafu, na walizuia majengo yasiporwe. Walifanya hivyo bila mishahara ya uhakika. Kati ya wanafunzi wao na ndugu zao walikuwamo waliochukuliwa kubeba mizigo na hawakuonekana tena. Wamisionari waliporudi hawakukuta magofu, walikuta sharika. Jambo hilo ni msingi wa Kanisa lililosimama kwa miguu yake lenyewe, na asili yake ni miaka ile ya taabu.

Hitimisho

Safari ya Rubens inaweza kupimwa kwa mizani mbili. Kwa mizani ya kijeshi, meli ilishindwa kulifikia lengo lake la kwanza, na bado ilifaulu kuliko ilivyotarajiwa. Iliwapa Wajerumani uwezo wa kuendelea, na kwa kuendelea wakayavuta majeshi makubwa ya Uingereza kwa zaidi ya miaka mitatu tangu siku ya Manza. Hicho ndicho walichokitaka.

Kwa mizani ya watu wa nchi hii, kila sanduku lililotolewa majini lilikuwa na bei iliyolipwa na mtu mwingine. Vita vitatu ambavyo akiba ya Januari 1915 ingetosheleza viligeuka kuwa kampeni iliyopita kutoka Kilimanjaro hadi Ruvuma na ng'ambo yake. Waliopanga safari ile Berlin hawakuwa na sababu ya kufikiri juu ya mkulima wa Usambara au wa Ugogo, wala waliowafukuza hawakuwa nayo. Wote wawili walihitaji mabega yake.

Jina la nahodha limehifadhiwa, na majina ya manowari pia. Majina ya waliozama kutafuta masanduku, waliofungua risasi na kuanika baruti, na waliotembea na mzigo mpaka wakaanguka, kwa sehemu kubwa hayakuandikwa popote. Kitabu cha kumbukumbu za Usharika huandika majina ya waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliozikwa. Wapo ambao mwaka wa kubatizwa kwao umeandikwa, na mwaka wa kuzikwa haukuandikwa, kwa kuwa walikwenda na mizigo na hakuna aliyerudi kusema walilala wapi. Hao nao ni sehemu ya historia ya Kanisa hili, na inafaa wakumbukwe pamoja na waliojenga.